Konda wa Seli na Fungu la Mchicha

Msomaji wa Mbezi Luis ameuliza: ameona kopo la vidonge vya potasiamu dukani, je, anunue au ndizi zinamtosha?

Jibu linaanzia ndani ya seli. Humo mna potasiamu karibu mara 30 ya iliyopo nje, huku sodiamu, ile ya chumvi ya mezani, ikijazana nje. Tofauti hiyo haijilindi yenyewe. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Denmark, akichunguza neva za kaa, alieleza kimeng'enya kinachoilinda. Mwaka 1997 kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya kemia.

Vitabu hukiita pampu. Neno halitoshi, kwani pampu husukuma upande mmoja tu. Mpigadebe naye hafai: yeye hujaza, hashushi. Jina linalokistahili ni konda. Kama daladala iliyofika Mbezi Mwisho, konda huyu hushusha abiria watatu wa sodiamu, hupakia wawili wa potasiamu, kisha hufunga mlango. Kila zamu ina nauli yake: molekuli moja ya ATP, sarafu ya nishati mwilini. Baadaye milango mingine hufunguka ghafla, abiria wakamiminika kurudi walikotoka, na mmiminiko huo ndio umeme unaopita kwenye neva na kuupigisha moyo. Konda anaanza upya. Hata mtu akiwa amepumzika, makonda hawa hutumia takribani moja ya tano ya nishati yote ya mwili.

Mimea nayo, kwa njia zake, hujaza potasiamu ndani ya seli. Kwa hiyo anayekula majani na mbegu anakula ghala lenyewe. Mboga ikichemshwa, seli hupasuka na sehemu ya potasiamu huhamia majini. Maji yakimwagwa, nayo imekwenda.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku. Ndizi mbivu ya wastani ina takribani 420, gramu 100 za maharage yaliyopikwa karibu 400, na za mchicha uliochemshwa zaidi ya 600. Kidonge kinachouzwa Marekani bila cheti cha daktari kwa kawaida kina 99. Ndizi moja inavishinda vidonge vinne.

Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza. Msomaji wa Mbezi mwenye afya aliache kopo dukani, anunue mafungu ya mchicha na kilo ya maharage, na mchuzi wake asiumwage.