Mackinnon Road: Mji wa Reli na Kaburi

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akishaipita Mariakani na kuingia nyika ya Taru, huuona msikiti kando ya njia, karibu na reli. Hapo ndipo Mackinnon Road. Familia nyingi zimeteremka hapo, zikatawadha, zikaswali na kuendelea na safari. Ni wachache waliouliza mji huu mdogo ulizaliwa vipi.

Jina limetokana na Sir William Mackinnon, mkuu wa kampuni ya Kiingereza iliyokata barabara ya kwenda bara katika miaka ya 1890. Nyuma yake ikaja reli, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Ukame wa Taru ulikuwa mkali, hata maji ya wafanyakazi yakawa yanapelekwa kwa gari moshi. Vibarua walioletwa kutoka Bara Hindi walikuwa 32,000 hivi, wakiwemo Waislamu wa Punjab. Wapatao 2,500 hawakurudi kwao. Walifia kazini, wengi kwa maradhi.

Miongoni mwa watumishi wa reli hiyo alikuwa Sayyid Baghali Shah, aliyezikwa hapo msikitini. Husimuliwa kwamba karai alilopaswa kulibeba kichwani lilikuwa likielea hewani bila kumgusa. Undani wa habari hiyo anaujua Mola. Lililo wazi ni kuwa kaburi lake linajulikana, na ya wenzake wengi hayana hata jiwe.

Stesheni nayo imeona mengi. Mwaka 1947 jeshi la Uingereza lilianza kujenga hapo bohari kubwa ya zana, kisha mpango ukaachwa. Zama za Hali ya Hatari, pakawa kambi ya kuwafungia watuhumiwa wa Mau Mau. Mwaka 2017 reli mpya ilifunguliwa, na safari za abiria za Mombasa na Nairobi kwa reli ya zamani zikakoma.

Tangu hapo, watoto wetu huijua Mackinnon Road kwa kupita tu. Bado wapo bibi na babu waliopanda gari moshi lile, na vitukuu wa waliolijenga. Tuwaulize wangali hai, tuyaandike wanayoyasema. Na tukisimama pale kuswali, dua yetu isiishie kwa aliye na kaburi; tuwakumbuke na waliolala nyikani bila majina.