Kufifia, kupauka na michirizi: msamiati wa hitilafu za printa

Maneno haya huchanganywa mara nyingi katika miongozo ya printa za picha, ilhali kila moja hudokeza chanzo chake. Tuchukue picha ya Mlima Meru iliyochapwa nyumbani jijini Arusha.

Picha iliyofifia hutoka kwenye printa ikiwa hafifu kote: aghalabu wino unakaribia kwisha.

Michirizi myeupe inayoukata mlima huonyesha kuwa baadhi ya matundu ya kichwa cha printa yamezibwa na wino uliokauka. Kisafishwe kichwa kabla ya kununua katriji mpya. Misitu ya mlima ikitoka ya njano, wino wa samawati haufiki, kwa kuwa kijani huzaliwa na rangi hizo mbili.

Wino uliotapakaa huashiria karatasi isiyofaa, au iliyowekwa upande usio wake.

Picha iliyopauka ilitoka salama, ikaharibiwa baadaye na mwanga wa jua; printa haina kosa.

Mfasiri anayeandika “imefifia” kwa hali zote hizi humtuma msomaji dukani kununua wino asiouhitaji.