Gugu Karoti Ling'olewe Kabla Halijatoa Maua

Mkulima hodari huyajua magugu ya shamba lake kama ayajuavyo mazao yake. Lakini lipo gugu moja ambalo limewapita hata wakulima wa siku nyingi, kwa sababu lilipoingia bustanini mara ya kwanza walilidhania kuwa ni karoti iliyojiotea au ua la kupendeza, wakaliacha. Gugu hilo ndilo gugu karoti, ambalo kwa lugha ya wataalamu huitwa Parthenium hysterophorus.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza makatibu na wanachama wa vyama vya msingi namna ya kulitambua gugu hili na jinsi ya kupambana nalo. Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: gugu karoti hushindwa kwa kung'olewa mapema, na ya kwamba mtu mmoja hawezi kulishinda peke yake ikiwa jirani yake amelilea.

Asili Yake

Gugu karoti si mwenyeji wa Afrika. Kwao ni nchi za joto za bara la Amerika. Katika miaka ya 1950 lilienea nchini India, ambako inaaminika kuwa liliingia pamoja na shehena za nafaka, na katika miaka hiyohiyo likaonekana Australia. Nchini Kenya lilionekana katika mashamba ya kahawa katika miaka ya 1970. Katika Tanzania lilitambuliwa mkoani Arusha mwaka 2010, na baadaye likaonekana katika mikoa mingine, ikiwemo Kilimanjaro.

Historia hii ina fundisho. Gugu hili halikuvuka bahari kwa nguvu zake. Lilibebwa na watu ndani ya nafaka, juu ya magari na katika vyombo vya kazi, na hivyo ndivyo linavyotoka shamba hadi shamba hata leo.

Namna ya Kulitambua

Likiwa changa, majani yake hutandaa chini kwa mduara, mfano wa kisahani kilicholazwa juu ya udongo. Majani hayo yamechanikachanika kama ya karoti, yana rangi ya kijani iliyopauka, na yana vinyweleo laini. Huu ndio wakati mzuri wa kuling'oa, lakini pia ndio wakati linapowadanganya wengi.

Baadaye huchipuka shina moja lililo wima, lenye michirizi inayoteremka kwa urefu wake, na juu yake matawi mengi. Kwa kawaida hufikia urefu wa mita moja, na penye rutuba na maji huweza kufikia mita mbili. Maua yake ni meupe na madogo sana, upana wa kila ua ukiwa kama milimita 4, na ukilitazama kwa makini utaona pembe tano zimelizunguka. Chini ya ardhi lina mzizi mkuu mmoja unaokwenda chini, wala hauvimbi kama wa karoti.

Lisichanganywe na mimea mingine. Karoti ikichanua, maua yake hukusanyika na kufanya umbo la mwavuli, na majani yake yakisagwa kiganjani hutoa harufu ya karoti. Kishona nguo kina mbegu zinazong'ang'ania nguo. Bangi pori ina harufu kali na maua membamba yenye rangi ya manjano hafifu. Mwanachama mwenye shaka apeleke habari kwa afisa ugani, lakini asiuache mmea huo utoe maua huku akingoja jibu.

Madhara Yake

Mizizi na majani ya gugu hili hutoa sumu ambayo huzuia mimea mingine kuota na kukua vizuri. Utafiti uliofanywa mashariki ya Ethiopia ulionyesha kuwa mtama uliosongwa na gugu karoti msimu mzima ulipoteza kati ya asilimia 40 na 97 ya mavuno. Katika malisho huziondoa nyasi zifaazo na kukaa mahali pake. Mifugo hulikwepa, na ng'ombe akilazimika kulila, maziwa yake huwa na ladha chungu.

Afya ya binadamu nayo imo hatarini. Watu wengi wanaoligusa mara kwa mara hupata muwasho na vipele vya ngozi, na chavua yake huweza kuleta mafua yasiyokwisha na kuamsha pumu. Mtu aweza kuling'oa leo bila ya kudhurika, kisha akadhurika baada ya kuligusa mara nyingi. Kwa hiyo asiyewashwa asijione kuwa yeye halimwezi.

Kwa Nini Ni Sugu

Nguvu ya gugu hili imo katika mbegu. Mmea mmoja mkubwa huweza kutoa mbegu kati ya 15,000 na 25,000. Mbegu hizo huota wakati wowote zipatapo unyevu, na mmea mpya huweza kutoa maua baada ya wiki 4 hadi 8 tu. Zile zilizofukiwa udongoni hudumu miaka kadhaa zikingoja kufunuliwa na jembe.

Na ifanywe hesabu ndogo. Tuseme mwanachama ameacha mche mmoja tu penye ua la bustani yake, ukapukutisha mbegu 20,000. Hata kama katika kila mbegu 100 itaota moja tu, mvua zijazo zitamkuta na miche 200. Kazi iliyokuwa ya dakika moja imekuwa ya asubuhi nzima, na sehemu ya miche hiyo imekwisha kuota kwa jirani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Namna ya Kupambana Nalo

Kwanza, ling'olewe kabla ya maua, udongo ukiwa na unyevu, ili mzizi utoke wote. Kulifyeka hakufai, kwa maana shina lililokatwa huchipua tena na kutoa maua likiwa fupi zaidi, ambapo huonekana kwa shida.

Pili, mwenye kung'oa avae glavu, nguo ya mikono mirefu na kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Akimaliza aoge na kufua nguo zake. Watoto na wenye pumu wasipewe kazi hii.

Tatu, likiwa limekwisha kutoa maua, vichwa vya maua vikatwe taratibu na kutiwa ndani ya gunia lisilo na tundu kabla ya kung'oa shina. Yaliyomo yakaushwe humohumo, kisha yachomwe mahali palipo salama. Mmea wenye maua usitupwe katika shimo la mboji, wala usipelekwe zizini.

Nne, bustani ikaguliwe kila baada ya wiki 3 wakati wote wa mvua, na kila wakati penye kumwagiliwa maji, kwa muda wa miaka kadhaa mfululizo.

Tano, ardhi isiachwe wazi. Mahali palipong'olewa pafunikwe kwa matandazo, au papandwe kunde, fiwi au majani ya malisho, ili mbegu zilizobaki zikose nafasi na mwanga.

Dawa za kuua magugu zaweza kusaidia penye eneo kubwa, lakini zitumiwe kwa ushauri wa afisa ugani na zipigwe kabla ya maua. Baadhi ya dawa hizo huua pia maharage, nyanya na mimea mingine ya majani mapana, na upepo huweza kuzipeleka kwenye shamba la jirani. Katika bustani ya mboga, mkono na jembe hutosha.

Nchi za Australia na India zilianza kumtumia mbawakawa aitwaye Zygogramma bicolorata, anayekula majani ya gugu hili, katika miaka ya 1980. Kazi hiyo ni ya serikali na watafiti wake, nayo hufanywa baada ya majaribio marefu. Mtu binafsi haruhusiwi kuleta wadudu kutoka nje.

Wajibu wa Chama cha Msingi

Katibu aweke ofisini mche uliokaushwa kati ya kurasa za gazeti, na maua yake ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa, ili kila anayeleta mazao auone. Ajenda ya gugu hili iingizwe katika mkutano wa wanachama kabla ya mvua kuanza, na kila kitongoji kichague siku yake ya kung'oa kwa pamoja, wakianza na kandokando ya barabara na mifereji, mahali pasipo na mwenyewe.

Trekta la kukodi lisafishwe kabla ya kutoka shamba moja kwenda jingine. Magunia yakung'utwe mahali pamoja panapokaguliwa. Mbegu, samadi na mchanga wa kujengea vichunguzwe vitokako. Zaidi ya yote, uwanja wa ghala la chama uwe safi, kwa kuwa hapo ndipo magari na magunia ya wanachama wote hukutana. Chama ambacho uwanja wake umeota gugu karoti kinawagawia wanachama mbegu wasiyoiomba.

Mwanachama atakayeling'oa kwake na kumwonyesha jirani yake atakuwa ameyalinda mashamba mawili. Huo ndio ushirika.