Miwani, lenzi au leza: jicho lisiloona mbali linasaidiwaje?

Robanda kuna kazi ambazo huziwezi kama huoni mbali. Kulinda shamba, kwa mfano: kijiji kiko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na tembo hawapigi hodi. Au kuongoza watalii, ambapo unatakiwa umuone chui mtini kabla mgeni hajauliza. Na kuna hii isiyosemwa sana: kukaa dawati la nyuma na kusoma ubao.

Tatizo lenyewe ni la vipimo tu. Konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, ikishirikiana na lenzi iliyo ndani, hupinda mwanga ili ukutane kwenye retina kule nyuma. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi. Likizidi hata milimita moja, mwanga unakutana kabla ya kufika kwenye retina, na ukifika pale umeshatawanyika. Cha karibu unakiona safi, cha mbali ni ukungu. Hiyo ndiyo mayopia.

Ile namba ya miwani nayo si fumbo. Chukua 1, gawanya kwa namba hiyo (acha alama ya kutoa), unapata mita. Mwenye -1 anaona safi hadi mita 1, mwenye -2 hadi nusu mita, mwenye -4 hadi sentimita 25. Sasa mpe huyo wa -2 ubao ulio mita tano mbele. Jioni hali huwa mbaya zaidi kwa sababu mboni hupanuka gizani na ukungu unaongezeka, na bahati mbaya ndio muda tembo wanaingia shambani.

Hebu jaribu hivi. Toboa kadi ngumu kwa sindano, funika jicho moja, tazama mbali kupitia kitundu. Ukiona vizuri zaidi, huenda lenzi itakusaidia. Usipoona tofauti, nenda hospitali mapema, sababu inaweza kuwa nyingine. Kitundu hupunguza miale inayotawanyika, na ndiyo maana watu wasioona mbali hufinya macho. Mwalimu anaweza kudhani mtoto anakunja uso kwa jeuri!

Miwani ya kutoa ni nyembamba katikati na nene pembeni. Hutawanya mwanga kidogo kabla haujaingia jichoni, basi unakutana mahali pake. Haiharibu macho, kama wengi wanavyoamini. Ukiivua unaona vibaya kwa sababu sasa unajua kuona vizuri kukoje. Utafiti wa wanafunzi 2,511 wa sekondari jijini Mwanza, uliochapishwa 2002, ulikuta asilimia 5.6 wana mayopia. Kati ya wote waliohitaji miwani, ni asilimia 30 tu waliokuwa wakiivaa. Utasema ni pesa. Kweli, lakini si pesa peke yake: katika utafiti mwingine wa Dar es Salaam, wanafunzi walipewa miwani bure, na miezi mitatu baadaye ni asilimia 47 tu waliokutwa wameivaa au wanayo shuleni. Waliopewa cheti wakanunue wenyewe walikuwa 26. Kuitwa "babu" darasani kunauma, jamani.

Lenzi za kuvaa jichoni hazina fremu wala hazipati mvuke. Huelea juu ya machozi, mbele ya konea. Ila zinadai mikono iliyooshwa kwa sabuni na kukaushwa, dawa yake maalumu, na kuzivua kabla ya kulala. Maji ya kisima au bomba hayafai kabisa: yanaweza kuwa na amiba anayeingia kwenye konea na kuipofusha. Ongeza vumbi la kiangazi la Robanda. Mimi ningeanza na miwani. Zile lenzi za rangi za urembo zinazouzwa bila kupimwa zina hatari hizohizo.

Leza nayo haifupishi jicho. Huchonga konea iwe bapa kidogo. Ni ya watu wazima ambao namba yao imetulia, na wenye konea nyembamba au iliyochongoka hukataliwa. Hata ikifanikiwa, baada ya miaka 40 utahitaji miwani ya kusomea kama wenzako.

Kwa watoto kuna habari nzuri: mwanga wa nje. Huko Guangzhou, China, shule zilizoongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku kwa miaka mitatu zilipata wagonjwa wapya asilimia 30, dhidi ya karibu 40 kwenye shule nyingine. Mtoto anayechunga mbuzi Robanda anazipata dakika hizo bila ratiba. Lakini jicho lililokwisha kurefuka halirudi, hata akichunga mchana kutwa. Huyo anahitaji kupimwa na kupata miwani yake.