Kahawa ya Mbinga: umenye nyumbani au upeleke CPU?

Msimu wa kahawa ukianza, kila kaya ya milimani Mbinga, iwe Litembo au Maguu, huwa na uamuzi uleule: imenye kahawa yake nyumbani kwa mashine ya mkono, au iipeleke mbivu kwenye CPU (kituo cha kumenyea kahawa kwa pamoja) ya kikundi. Wengi hulinganisha bei tu. Mimi nasema cha kuangalia zaidi ni meza za kukaushia, kwa kuwa ndizo zinazoamua kasi ya kazi yote.

Bei yenyewe haina ugumu. Kilo 5 hivi za kahawa mbivu hutoa kilo 1 ya kahawa kavu iliyomenywa. Zidisha bei ya mbivu kwa 5, kisha ulinganishe na bei ya kavu ukishatoa vibarua, maji na usafiri. Uliza pia malipo ya awali ni kiasi gani na malipo ya pili huja lini, maana mahitaji ya shule ya Julai hayangoji mnada.

Sasa meza. Kahawa iliyochumwa leo sharti imenywe leo. Kisha hulala tangini siku moja au mbili mpaka ute uachie. Chota konzi moja, isugue: ikiteleza bado, ikikwaruza kama changarawe ioshe. Baada ya hapo ni mezani, na huko ndiko siku zinakoliwa: 10 hadi 14 jua likiwa zuri, zaidi ukungu wa Julai ukishuka, mpaka unyevu ufike asilimia 11 au 12.

Tuseme meza zako zinatosha mafungu 3, na kila fungu hukaa siku 12. Basi fungu jipya huwezi kulianza ila kila baada ya siku 4. Mashine inaweza kumaliza kazi yake kwa saa mbili, lakini ukinunua kubwa zaidi hujapunguza hata siku moja. Pesa hiyohiyo ikienda kwenye nguzo, wavu na turubai za kuongeza nafasi ya fungu la 4, unashuka hadi siku 3.

Wabunifu wa chipu za kompyuta hupiga hesabu hii kila siku. Baadhi yao hueleza kazi kwanza, halafu programu huamua kila hesabu ifanyike pigo gani la saa na kwenye kifaa kipi. Kizidishi chenye hatua 3 hutoa jibu baada ya mapigo 3, ila hupokea namba mpya kila pigo. Kifaa kisichogawanywa hatua hushikilia kazi moja mpaka iishe, nyingine zikingoja. Mwaka 1988 Nohbyung Park na Alice Parker walichapisha maelezo ya Sehwa, programu iliyopanga mikondo ya aina hii, ambamo kazi mpya huingia kabla ya iliyotangulia kuisha, na kupima gharama ya vifaa dhidi ya kasi. Swali ni lile la mkulima wa Litembo: nikiongeza kipi, mzigo unaofuata utaingia mapema zaidi?

CPU ina faida ya kweli. Kahawa hutoka ya namna moja na ubora hupanda. Mitambo ya Penagos kutoka Kolombia hukwangua ute papo hapo, hivyo tangi halihitajiki na maji hupungua sana. Lakini kahawa huwahi mezani, na meza hujaa upesi. Kabla ya kujiunga usiridhike kuonyeshwa mashine. Zunguka nyuma, angalia meza, uliza wanapokea kilo ngapi siku za kilele, kisha uzidishe kwa siku 12. Meza zisipotosha, mbivu yako italala kwenye gunia na kuchacha, na harufu hiyo haitoki hata ikifika kiwanda cha kukobolea.

Kule Mbamba Bay hali ni tofauti: usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, hukauka kwa siku moja au mbili za jua, chanja ikarudi kazini. Mwenye shamba juu na mtumbwi chini asikadirie meza za kahawa kwa kuangalia chanja za ufukweni.

Kwa kaya yenye shamba dogo, ushauri wangu ni huu. Mwanzo na mwisho wa msimu, matunda yakiwa haba, menya nyumbani. Katikati, peleka CPU ile ziada tu ambayo meza zako haziwezi kuipokea siku hiyo. Na kama wewe na jirani mnatumia meza za pamoja, pangeni siku za kuchuma kabla ya matunda kuiva, msije mkafika na magunia jioni moja.