Kichaka cha kufyekwa, nyumba ya ndege adimu

Mwongoza wageni aliyenipeleka kumwona ndege huyu hakuniingiza ndani ya msitu. Alisimama kando ya barabara ya vumbi huko Amani, Usambara Mashariki, chai upande mmoja na msitu upande wa pili, akanyoosha kidole kwenye fundo la mitambaazi lililoning'inia mtini kama nguo chakavu. "Anakaa humo," alisema. "Usimtafute kwa macho. Sikiliza kwanza."

Sauti ikaja: mlio mmoja mkali, ukirudiwa na kurudiwa. Kisha majani yakatikisika. Kidege cha kijivu, chembamba, mdomo mrefu kuliko unavyotarajia kwa umbo lile, kilikuwa kikipekua majani makavu yaliyonasa kwenye mitambaazi, jani kwa jani, kikisaka wadudu. Ulipouona mkia, kichwa kilikuwa kimeshazama. Ukikipata kichwa, mwili wote umefichwa na kamba za mimea. Sikubahatika kumwona mzima.

Wanasayansi walimtambua hapa hapa Amani mwaka 1930, wakampa jina la spishi moreaui (leo anaitwa Artisornis moreaui) kwa heshima ya Reginald Moreau, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha hapo. Kwa miongo kadhaa baadaye habari zake zilikuwa haba mno. Jamaa zake walipatikana mwaka 1945 katika milima ya Njesi, Msumbiji, lakini baadhi ya wataalamu sasa wanawahesabu kuwa spishi nyingine. Wa Usambara wanakadiriwa kuwa mamia machache tu, na wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ipo tangu 1997, na miti mikubwa ina walinzi. Lakini ndege huyu anapenda pale mti mzee ulipoanguka, au ukingoni, jua linapopenya na mitambaazi ikasongamana. "Vijana wakitumwa kusafisha njia, kichaka hicho ndicho kinachoondoka kwanza," alisema mwenyeji wangu. "Kwa mtu wa shamba ni uchafu." Huwa anawaomba wakiache. Wengine humsikia.

Nikamuuliza, basi msitu ukikatwa kingo zikaongezeka, si afadhali kwake? Akatikisa kichwa. "Ukingo usio na msitu nyuma yake ni shamba, ndugu yangu."

Linalomsumbua mwenyeji wangu zaidi ni simu. Wageni hucheza sauti iliyorekodiwa, ndege akajitokeza kulinda eneo lake, akaacha kutafuta chakula. Yeye hucheza mara mbili, kisha anazima, hata mgeni akinuna. "Mgeni katoka mbali na kalipa. Ndege naye ana makinda." Kwa nini mizani hiyo abebe yeye peke yake, mtu anayelipwa na mgeni huyo huyo?

Nilitaka kujua kama kuna anayehesabu mafundo ya mitambaazi yaliyobaki kandokando ya mashamba ya chai. Alinitajia ya njia anazopita yeye. Ya kwingine, alisema, hakuna aliyewahi kumuuliza.