Damu yako yapimwa hapa, majibu yasomwa kwingine: Je, wajua haki zako?

Mtu akitolewa damu hospitalini hudhani kwamba safari ya damu hiyo huishia papo hapo maabarani, penye darubini na mhudumu aliyevaa koti jeupe. Kwa vipimo vingi ndivyo ilivyo. Vijidudu vya malaria, mathalan, huonekana kwa darubini na jibu hupatikana mgonjwa akingali amekaa kwenye benchi.

Lakini kuna vipimo ambavyo majibu yake hayaonekani kwa macho. Miongoni mwake ni vile vya chembe za urithi, yaani jeni. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000, na maandishi yote ya urithi wake yana herufi zipatazo bilioni 3. Mashine huyasoma vipande vipande, na takwimu za mtu mmoja tu zaweza kujaza makumi ya gigabaiti katika kompyuta.

Hata hivyo, mashine haisemi kwamba huyu ana ugonjwa fulani. Hutoa rundo la herufi tu. Kulifanya rundo hilo liseme jambo ni kazi ya mtaalamu anayeelewa biolojia, hesabu za takwimu na kompyuta kwa pamoja.

Wataalamu wa aina hiyo ni wachache. Hospitali au kundi la watafiti lenye kazi ya miezi michache huenda lisimudu kumwajiri mmoja wao. Ndipo takwimu hukabidhiwa watu wa nje: chuo kikuu kingine, taasisi au kampuni, pengine ya nchi ya mbali.

Je, hili ni jambo la kuogopwa? Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kisa kimoja cha Marekani chaonyesha ukweli wa methali hiyo.

Mwaka wa 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walitangaza njia ya kutumia jeni za uvimbe wa saratani kutabiri dawa itakayomfaa kila mgonjwa. Habari hizo zilipokewa kwa furaha, maana dawa za saratani ni kali, na kumpa mtu isiyomfaa ni kumtesa bure. Baadaye njia hiyo ikaanza kujaribiwa kwa wagonjwa.

Mjini Houston, madaktari wa hospitali ya saratani ya MD Anderson walitaka kuitumia pia. Wakawaomba wataalamu wao wawili wa takwimu, Keith Baggerly na Kevin Coombes, waichunguze kwanza.

Wawili hao walirudia hesabu tangu mwanzo na jibu likakataa kuwa lile lile. Waligundua kwamba orodha za jeni zilikuwa zimeteleza kwa mstari mmoja, hata jeni moja ikabeba jina la jirani yake. Kwingine, chembe zinazouawa na dawa ziliandikwa kuwa zinaistahimili, na zile zinazoistahimili zikaandikwa kuwa zinauawa. Kosa kama hilo laweza kumpeleka mgonjwa kwenye dawa ile ile isiyomfaa.

Walichapisha waliyoyagundua mwaka wa 2009. Majaribio yalisimamishwa, yakaanzishwa tena, kisha yakakomeshwa kabisa mwaka wa 2010. Tayari zaidi ya wagonjwa 100 walikuwa wameandikishwa. Mwaka wa 2015, idara ya serikali inayosimamia uadilifu wa utafiti iliamua kwamba mmoja wa watafiti wa Duke alikuwa ametumia takwimu za uongo.

Basi jicho la mgeni lina faida, almuradi apewe takwimu zenyewe wala si muhtasari, na awe huru kusema asilotarajiwa kusema.

Aidha, mgeni aitwe mapema. Mwaka wa 1938, bingwa wa takwimu wa Uingereza, Ronald Fisher, alieleza kwamba kumwita mtaalamu wa takwimu baada ya utafiti kwisha ni sawa na kumtaka apasue maiti: labda atakwambia tu utafiti ulikufa kwa sababu gani. Ikiwa sampuli zilizokusanywa ni chache mno au zilichanganywa, hakuna kompyuta itakayoziponya.

Upande wa mgonjwa una hofu yake. Hata jina likifutwa na kuwekwa nambari, jeni zako ni zako, hazifanani na za mwingine isipokuwa pacha wako wa kufanana. Isitoshe, nusu ya jeni za mtoto wako zimetoka kwako. Siri yako ikivuja, na yake imevuja.

Kwa sababu hiyo, Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inahesabu habari za afya na za jeni kuwa nyeti. Una haki ya kuambiwa zitatumiwaje na ya kuomba kuziona. Haziwezi kupelekwa nje ya nchi bila idhini yako na bila ulinzi wa kutosha.

Kwa hivyo, ukiombwa damu kwa kipimo au utafiti wa jeni, uliza haya kabla ya kutia sahihi:

• Nani atasoma takwimu zangu, na yuko wapi?

• Je, jina langu litaondolewa kabla hazijatumwa?

• Kazi ikiisha, zitarudishwa, zitafutwa au zitatumiwa kwa jambo jingine?

• Likigunduliwa jambo la kuhatarisha afya yangu, nitaarifiwa na nani?

Nao wanaotuma takwimu wahakikishe vijana wetu wanaketi kando ya mgeni na kujifunza. Manufaa yake tumeyaona. Ugonjwa wa Korona ulipoingia Kenya mnamo Machi 2020, wanasayansi wa KEMRI mjini Kilifi waliweza kusoma jeni za virusi hivyo papo hapo na kufuatilia jinsi vilivyokuwa vikibadilika.

Daktari mwema hatakasirishwa na maswali yako. Akikosa majibu, mwombe akayatafute kwanza. Damu yaweza kutolewa hata kesho.